Mrija wa Ganzi na Madhara Yake: Ufafanuzi wa Jambo na wa Maneno Yake

Katika Kiswahili neno mshipa limebebeshwa kazi nyingi. Mfereji upitishao damu ni mshipa. Uzi upelekao ubongoni habari za maumivu, joto na mguso, na kurudisha kwenye misuli amri ya kusogea, nao ni mshipa, ingawa waandishi waangalifu huuita mshipa wa fahamu na vitabu vya shule siku hizi huuita neva. Wasemaji wengi huita mshipa hata kano za kifundo cha mguu; na pwani, mzee akisema kuwa ana mshipa, wenziwe wataelewa mara moja kuwa anaugua ngiri au busha. Katika mazungumzo ya kila siku mkusanyo huo haudhuru kitu, kwa kuwa muktadha hutenganisha maana. Lakini pako mahali ambapo hudhuru. Mgonjwa aliyevunjika mguu akiambiwa, “Tutakuwekea mpira kando ya mshipa ili usiumie,” atasikia mpira na kudhani ni ule wa mkojo. Atasikia mshipa na kudhani ni ule wa kutundikiwa maji. Atatia sahihi karatasi ya idhini, na jambo aliloliidhinisha halitakuwa lile litakalofanywa.

Makala haya yana madhumuni mawili. La kwanza ni kueleza kifaa hicho na madhara yanayoweza kufuatana nacho. La pili ni kuyaangalia maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya madhara hayo. Mambo haya hayatenganiki kama inavyodhaniwa. Sehemu kubwa ya madhara yanayoelezwa hapa hutambuliwa kwanza na mgonjwa mwenyewe, na hutambuliwa kwa kusema. Kauli yake hufika kabla ya mashine yoyote, maadam awepo wa kuielewa.

Kifaa chenyewe ni mrija laini wa plastiki, unene wake kama milimita 1. Daktari wa usingizi hupenyeza sindano hadi karibu na neva, au fungu la neva, inayohudumia sehemu iliyopasuliwa: shingoni kwa bega, chini ya mtulinga au kwapani kwa mkono, kinenani au pajani kwa goti, nyuma ya goti kwa mguu wa chini. Kisha hupitisha mrija ndani ya sindano, akaichomoa sindano na kuuacha mrija, ambao hubandikwa juu ya ngozi na kuunganishwa na pampu. Pampu huweza kuwa ya umeme, au puto la mpira lililojazwa dawa ambalo hujibana lenyewe polepole bila umeme wowote. Dawa hutiririka usiku na mchana kwa siku mbili au tatu, pengine zaidi. Neva inayooshwa kwa dawa hiyo haiwezi kupeleka habari, na maumivu hukatizwa njiani kabla ya kufika ubongoni. Katika makala haya kifaa hicho kitaitwa mrija wa ganzi. Neno katheta lipo, na katika vitabu vya tiba halina ubaya, ila kwa mgonjwa wa kawaida halina maana yoyote. Na mpira, kama ilivyoonyeshwa, lina maana iliyokwisha kukaliwa.

Historia yake ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionyesha kuwa matone ya kokeini hulifisha jicho ganzi kiasi cha kuweza kupasuliwa. Kabla ya mwaka mmoja kupita William Halsted wa New York alikuwa akiidunga dawa hiyohiyo kandokando ya neva. Alijifanyia majaribio mwenyewe, na akaishia kuwa mtumwa wa kokeini. Wazo la kuiacha njia ya dawa wazi kwa muda mrefu lilitekelezwa na F. P. Ansbro mwaka 1946: aliipitisha sindano butu katika kizibo, akakibandika kizibo juu ya mtulinga wa mgonjwa ili sindano isitikisike, akaendelea kuongeza dawa kila ilipopungua. Dawa salama zaidi nazo zilikuja moja moja. Lignokeini ilitengenezwa Sweden mwaka 1943, na bupivakeini, inayodumu zaidi, mwaka 1957. Tangu miaka ya 1990 picha za mawimbi ya sauti zimemwezesha daktari kuiona neva na sindano kwa macho, badala ya kupapasa na kukisia.

Faida yake si ndogo. Mgonjwa mwenye mrija wa ganzi huhitaji mofini au pethidini kidogo tu, na hivyo huepukana na kichefuchefu, mwasho, choo kigumu na ule usingizi mzito unaopunguza pumzi. Huanza mazoezi ya kiungo mapema. Haielekei, basi, kuwa njia hii itaachwa kwa sababu ya madhara yake. Linalotakiwa ni kuyajua.

Kabla ya kuyataja hapana budi kulipima neno ganzi lenyewe. Mtu aliyekalia mguu wake kwa muda mrefu husema umekufa ganzi. Aliyekula embe bichi husema meno yameingia ganzi. Hali ya kwanza ni ya kutohisi vizuri, na ndani yake mna mchomochomo kama wa sindano. Ya pili ni ya kuhisi kupita kiasi. Neno ni moja. Tena watu husema mkono umekufa bila ya kuongeza ganzi, na hapo haijulikani kama wana maana hauhisi au hausogei. Kwa tabibu haya ni mambo mawili. Neva nyingi hubeba nyuzi za hisia pamoja na nyuzi za kusogeza misuli, na dawa haibagui sana kati yake. Kutohisi ndilo lililotakiwa. Kutosogea ni ziada isiyotakiwa, na ikizidi ni dalili ya kutazamwa.

Tatizo jingine limo katika kitenzi kusikia. Kiswahili husikia kwa masikio na pia kwa ngozi: mtu husikia sauti, husikia baridi, husikia uchungu. Mathalani muuguzi anaugusa mguu wa bibi mzee kwa pamba yenye spiriti na kumwuliza, “Mama, unasikia?” Mama hujibu kwa adabu, “Nasikia, mwanangu,” akiwa na maana kuwa swali amelisikia. Muuguzi huandika kuwa mguu unahisi. Swali lililo bora ni lile lisilojibika kwa ndiyo: “Hapa nilipogusa pakoje, baridi au vuguvugu? Na hapa?” Kisha, kwa kuyatenga mambo, “Hebu nisogezee vidole.”

Dhara lililo la kawaida kuliko yote ni dogo, nalo ni mrija kutofanya kazi. Mrija huteleza ukatoka mahali pake, hupinda, huziba, hufunguka penye kiungo cha pampu, au dawa huvuja juu ya ngozi na kulowesha bandeji. Hatari yake ni kwamba mara nyingi hutokea usiku, wakati ganzi ya mwanzo iliyotiwa kwa sindano kubwa inapoisha na mrija haujaweza kuirithi. Mgonjwa aliyelala bila maumivu huamka akilia. Asipokuwa ameandikiwa dawa nyingine ya kumeza au kudungwa, atangoja hadi asubuhi, na wenye zamu wataona ajabu kwamba mtu mwenye mrija analalamika.

La hatari kuliko yote ni haba, nalo ni sumu ya dawa ya ganzi. Dawa hizi huzuia umeme wa neva. Zikiingia katika damu kwa wingi huufikia ubongo na moyo, ambavyo navyo huendeshwa kwa umeme wa namna hiyo. Zaweza kuingia kwa ghafula, endapo ncha ya mrija imepenya ndani ya mshipa wa damu, au zikajilimbikiza polepole, saa baada ya saa, hasa kwa mzee, kwa mwenye ini au moyo dhaifu, na kwa mtoto mchanga. Ndiyo sababu kipimo huhesabiwa kwa uzito wa mwili. Kwa bupivakeini aghalabu huhesabiwa kama miligramu 2 kwa kila kilo kwa dozi moja. Mtu wa kilo 60 hupata basi miligramu 120, ambazo ni mililita 24 tu za dawa yenye nguvu ya asilimia 0.5. Pampu nayo hujumlisha kimyakimya: ropivakeini ya asilimia 0.2, ikitiririka mililita 8 kwa saa, hufikisha miligramu 384 kwa siku.

Dalili za sumu hii, katika umbo lake la polepole, hupiga hodi kabla ya kuingia. Midomo na ncha ya ulimi hufa ganzi. Mdomoni huja ladha ya chuma. Masikio huvuma. Kichwa huzunguka, macho huona kiwi, mgonjwa huwa na wasiwasi au huanza kupayuka, ulimi huwa mzito, misuli ya uso huchezacheza. Kisha hufuata degedege, kuzimia, na moyo kwenda ovyo hata kusimama. Ipo mifano ambapo moyo ulisimama bila hodi yoyote, hasa kwa bupivakeini. Mwaka 1979 daktari G. A. Albright wa Marekani aliandika juu ya vifo vya namna hiyo, na miaka michache baadaye bupivakeini ya asilimia 0.75 ilikatazwa huko kwa akina mama wanaojifungua.

Msomaji na aitazame tena orodha hiyo ya dalili kwa jicho la lugha. Hakuna hata moja ya zile za mwanzo inayoonekana kwa nje. Mashine ya kupima mapigo ya moyo haisomi ladha ya chuma. Anayeijua ni mgonjwa peke yake, na Kiswahili kinampa maneno ya kuieleza yasiyo na upungufu wowote. Lakini maneno hayohayo yana maana nyingine zenye nguvu. Ulimi mzito ni wa mtu asiyependa kusema. Masikio kuvuma, kwa walio wengi, ni dalili ya malaria au ya kwinini. Midomo kufa ganzi, kwa mtu aliyekwisha kuambiwa kuwa anatiwa dawa ya ganzi, huonekana kuwa jambo la kutarajiwa kabisa. Mgonjwa hataita mtu. Ataona kuwa dawa inafanya kazi. Yafaa aambiwe mapema, tena kwa lugha ya nyumbani kwake: ganzi hii ni ya mguu tu, ukiisikia mdomoni, au ukaonja kitu kama msumari, ita wakati huohuo, hata kama ni saa nane ya usiku. Sentensi hiyo haina gharama, na ni vigumu kuona kwa nini haimo katika kila karatasi ya idhini.

Sumu ikitambuliwa, pampu husimamishwa, mgonjwa hupewa oksijeni, degedege hutulizwa, na hutiwa katika mshipa wa damu mafuta meupe ya soya yenye nguvu ya asilimia 20, ambayo hospitali huyatumia kuwalisha wagonjwa wasioweza kula. Kipimo cha kuanzia ni mililita 1.5 kwa kilo, yaani mililita 90 kwa mtu wa kilo 60. Jambo hili lilivumbuliwa karibu kwa bahati. Mwaka 1998 Guy Weinberg na wenzake wa Chicago waliona kuwa panya waliotiwa mafuta hayo walistahimili bupivakeini nyingi kuliko wenzao. Mwaka 2006 ilitangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza, aliyetiwa ganzi ya bega huko New York: moyo wake ulisimama, wakamfanyia kazi ya kuufufua kwa dakika 20 hivi bila mafanikio, na ulirejea baada ya kutiwa mafuta. Chupa ya mafuta hayo sasa huhesabiwa kuwa sehemu ya vifaa vya lazima kila panapotiwa ganzi kwa wingi.

Ndugu ya dhara hilo ni kosa la kuunganisha. Mrija wa ganzi na mrija wa kutundikia maji hufanana, na kwa miaka mingi viungo vyake vilikuwa vya aina moja, hata cha huku kiliweza kuingia kule. Dawa ya ganzi ikapitishwa katika mshipa wa damu, na watu wakafa kwa kosa la mkono uliochoka. Kuanzia mwaka 2016 kipo kipimo cha kimataifa cha viungo maalumu vya mirija ya neva, vyenye kipenyo kidogo kwa asilimia 20, visivyoweza kuingiana na vile vya damu. Mahali ambapo viungo hivyo havijafika, kinga iliyopo ni kibandiko chenye maandishi. Hapa tena neno mshipa hutoka likacheza mchezo wake: kibandiko kinachosema “dawa ya mshipa” ni kibaya kuliko kutokuwa na kibandiko.

Madhara mengine hutegemea mahali mrija ulipowekwa. Shingoni, neva za mkono hupita karibu sana na neva inayoendesha diaframu, yaani kile kiwambo cha misuli kinachotenga kifua na tumbo na kuvuta pumzi. Mwaka 1991 W. F. Urmey na wenzake walionyesha kuwa ganzi ya shingoni, kwa vipimo vilivyotumika wakati huo, iliilegeza diaframu ya upande mmoja kwa kila mgonjwa waliyemchunguza. Mtu mwenye mapafu mazima hupoteza robo hivi ya pumzi yake wala asishtuke; mwenye pumu kali au pafu lililoliwa na kifua kikuu huweza kushindwa. Mgonjwa wa namna hii husema, “Nimekosa pumzi,” au “kifua kimebana,” na husemwa kuwa ana hofu. Dawa hiyohiyo ikisambaa mbele kidogo, ukope wa upande mmoja hulegea, mboni ya jicho husinyaa na sauti hukwaruza. Jamaa waliokuja kumtazama huona uso umepinda nao hutangaza kiharusi. Si kiharusi, na huondoka ganzi inapoondoka. Lakini asiyeambiwa mapema hana njia ya kujua.

Pajani tatizo ni kuanguka. Neva kubwa ya mbele ya paja ndiyo inayoikaza misuli inayonyoosha goti. Ikitiwa ganzi, goti halihisi maumivu wala halibebi mwili. Mgonjwa, kwa vile haumwi, huona amepona, akainuka usiku kwenda msalani. Katika majaribio yaliyokusanywa pamoja mwaka 2010 na B. Ilfeld na wenzake, ambapo nusu ya wagonjwa waliotengenezwa magoti au nyonga walipewa dawa katika mirija yao na nusu maji ya chumvi tu, wagonjwa themanini na ushei kila upande, walioanguka wote walikuwa wa upande wa dawa. Madaktari wengi wamehamia sehemu ya chini zaidi ya paja, ambapo nyuzi za hisia zimekwisha kuachana na nyingi za misuli. Hata hivyo kauli ya kumpa mgonjwa haibadiliki: asisimame bila mtu wa kumshika. Na asikikaribie kitu cha moto, kwani kiungo chenye ganzi huungua juu ya chupa ya maji moto au kando ya jiko la makaa bila mwenyewe kujua hadi aione ngozi imevuka.

Ugumu wa pekee huwakuta waliovunjika mfupa wa mguu wa chini, kundi ambalo ajali za pikipiki zimeliongeza sana katika wodi za Kenya. Misuli ya mguu huo imefungwa ndani ya ala ngumu zisizotanuka. Damu ikivuja na misuli ikivimba ndani ya ala, shinikizo hupanda mpaka damu mpya ishindwe kuingia, na baada ya saa 6 hivi misuli huanza kufa. Tiba ni kupasua ala haraka, na kuchelewa ni kuupoteza mguu. Dalili kuu ya hali hiyo ni maumivu: maumivu yasiyolingana na jeraha, yasiyotulizwa na dawa, yanayozidi vidole vinaponyoshwa. Na maumivu ndiyo hasa ambayo mrija umewekwa kuyanyamazisha. Wapasuaji wengi, kwa hiyo, huukataa mrija kabisa kwa wagonjwa hao. Mwongozo uliotolewa mwaka 2021 na chama cha wataalamu wa usingizi wa Uingereza umekuwa na msimamo wa kati: dawa hafifu haijaonekana kuchelewesha utambuzi, mradi mgonjwa aangaliwe mara kwa mara na watu wanaojua wanachokitafuta. Mradi huo ndio wenye uzito wote. Penye muuguzi mmoja kwa vitanda arubaini, msimamo wa wapasuaji una haki yake.

Linaloweza kusemwa kwa upande wa lugha ni kuwa maumivu ya aina hii huelekea kuivunja ganzi hafifu, na mgonjwa huyasema kwa maneno yasiyo ya kawaida. Hasemi unauma. Husema mguu unapasuka, unabanwa, umejaa, unataka kutoka nje ya ngozi. Kiswahili kinatofautisha maumivu kwa ukarimu: kuna yanayopwita, yanayochoma, yanayokeketa, yanayochonyota, yanayovuta, yanayowaka, yanayofukuta. Muuguzi anayezungumza Kiswahili huyasikia yote haya, kisha huandika katika jalada neno moja tu la Kiingereza lenye maana ya maumivu, pamoja na tarakimu kati ya 0 na 10. Daktari wa zamu huikuta tarakimu. Kupasuka kumekwisha kupotea njiani.

Maneno hayohayo yana faida kwa dhara jingine linaloogopwa sana, yaani neva kuumia. Sindano yaweza kuichoma neva, dawa yaweza kuiudhi, damu iliyovilia kando yake yaweza kuibana. Kinachobaki miezi mingi ni nadra: kwa hesabu zinazotajwa mara nyingi ni watu 2 hadi 4 katika 10,000. Walio wengi zaidi hubaki na eneo dogo lisilohisi au linalochomachoma kwa siku au majuma, kisha likarudi. Tena si kila neva iliyoumia iliumizwa na mrija. Mpasuaji mwenyewe, mkanda wa kuzuia damu uliokazwa pajani, plasta iliyobana, hata kulazwa vibaya mezani, vyote huumiza neva. Ganzi ya dawa ni tulivu. Neva iliyoumia, kinyume chake, huwaka, au hurusha umeme, au husikika kama siafu watambaao chini ya ngozi, na huendelea hivyo baada ya dawa kukoma. Mgonjwa anayesema “bado pamekufa” na anayesema “pamekufa lakini panawaka” hawasemi jambo moja.

Maambukizi huzungumzwa kwa hofu kuliko yanavyostahili, ila si ya kupuuzwa. Vijidudu vya ngozini huufuata mrija na kukaa juu yake. Hiyo ni hali ya upangaji tu, bado si ugonjwa. Katika uchunguzi uliofanywa Ufaransa na X. Capdevila na wenzake na kuchapishwa mwaka 2005, juu ya wagonjwa 1,416, vijidudu vilipatikana katika asilimia 28.7 ya mirija iliyopimwa. Wagonjwa 3 katika kila 100 walipata wekundu na uvimbe. Na mmoja tu, mwenye kisukari, alipata jipu la ndani. Hatari huongezeka mrija ukipita siku mbili, na kinenani na kwapani, penye jasho, huwa ni kubwa zaidi. Kunawa mikono, kuvaa barakoa, kusafisha ngozi kwa klorheksidini na kutofunguafungua viungo vya mrija ndiyo kinga yake.

Mambo mengine ni ya kutajwa tu. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda aweza kuvuja damu ndani, na hilo ni baya zaidi mrija uwapo mahali pa kina, kama kiunoni, ambapo hapawezi kubanwa kwa mkono. Sindano ya juu ya mtulinga yaweza kutoboa pafu. Mrija uliosukumwa mbali kupita ncha ya sindano hujikunja ukafunga fundo, na kwa hiyo hausukumwi zaidi ya sentimita 5 au pungufu.

Imebaki kuutoa. Maumivu yaliyozuiliwa hurudi kwa kishindo ganzi inapokoma, wakati mwingine makali kuliko yanavyotarajiwa, hivyo dawa za kumeza huanzishwa kabla ya pampu kusimamishwa. Mrija huvutwa polepole, ukiwa haujakatwa, mgonjwa akiwa macho na akiulizwa. Ukikataa kutoka, kiungo hukunjwa au kunyoshwa kidogo na kujaribiwa tena. Nguvu haitumiki, kwa kuwa mrija ukikatika kipande hubaki ndani. Mgonjwa akisema anasikia umeme ukishuka hadi vidoleni, kuvuta hukoma hapohapo na picha ya eksirei au ya mawimbi ya sauti hutafutwa, kwani yamkini fundo limeizunguka neva. Mrija ukishatoka, ncha yake, ambayo kwa aina nyingi imetiwa rangi ili itambulike, hutazamwa kama imetoka nzima, na habari hiyo huandikwa katika jalada pamoja na saa.